Mashine ya kupura mtama: mambo ya kuzingatia kabla msimu haujaanza

Mvua za Dodoma zikishakatika, mtama unabaki shambani ukikauka taratibu, na mwenye mashine anapata nafasi ambayo hataipata tena mpaka mwakani. Wengi huitumia kupumzika. Mimi nasema hiki ndicho kipindi cha matengenezo, na sababu yenyewe ni spea. Mafundi tunao, Kibaigwa wapo na mjini wapo. Kinacholaza mashine katikati ya kazi ni beringi iliyokwisha madukani kwa sababu wote mmeitafuta wiki ileile. Na kwelea kwelea hawasubiri beringi.

Kabla hujashika spana, safisha. Fungua makava, kwangua makapi na punje za mwaka jana zilizobaki chini ya chekeche na pembeni mwa ngoma, yaani silinda inayozunguka na kupura masuke. Uchafu huo unashika unyevu, bati linaliwa na kutu bila wewe kuona, na panya wakishazaliana humo watahamia kwenye nyaya za trekta. Mashine ikiwa safi, ufa unaonekana wenyewe.

Sasa zima injini, toa mikanda, zungusha ngoma kwa mkono na usikilize. Beringi nzima haina kelele. Iliyokwisha inakwaruza, au ukishika shafti na kuitikisa juu na chini unaikuta inacheza. Hiyo haiponi kwa grisi. Ing'oe, ifute kwa dizeli, soma namba iliyogongwa ubavuni. Ikiwa ni 6205, tundu lake ni milimita 25 na kipenyo cha nje milimita 52. Baada ya namba ukiona 2RS, ina mpira pande zote mbili. ZZ ina kibati. Kwa vumbi letu chukua ya mpira. Na usimwambie muuza duka "nipe ya mashine ya mtama". Mashine nyingi huku zimeundwa na mafundi wa mitaani, na mbili zilizotoka karakana moja zinaweza zisifanane. Nenda na ya zamani mkononi, nunua na ya akiba.

Mikanda nayo ina lugha yake: B ni upana wa milimita 17, na namba inayofuata ni urefu kwa inchi. Ukunje kinyumenyume; ukiona nyufa kwa ndani, hautamaliza msimu. Puli yenye mikanda miwili ibadilishiwe yote kwa pamoja, maana mpya ukiuchanganya na uliolegea, mpya ndio utakaobeba mzigo wote. Ukibonyeza kwa dole gumba katikati ya puli mbili, uingie kama sentimita moja na nusu hivi. Vijana hupenda kuukaza mpaka uwe kama uzi wa gitaa, halafu wanashangaa beringi kuungua.

Mwendo wa ngoma watu huupuuza, na ndipo mali inapoharibikia. Ikienda kasi mno inavunja punje, na punje iliyovunjika inashika ukungu haraka ghalani. Baada ya vifo vya sumukuvu vya 2016 Dodoma na Manyara, sidhani kama kuna haja ya kumbembeleza mtu kuhusu hili. Tatizo ni kwamba injini moja huwa inaendesha ngoma na feni, hivyo ukipunguza mwendo wa injini upepo nao unapungua na makapi yanabaki kwenye mtama. Dawa yake ni puli kubwa zaidi upande wa ngoma, na hiyo inachongwa sasa, si siku ya kupura.

Injini ni ya kawaida: oili mpya, chujio la dizeli, maji ya kupozea. Chujio la hewa, kama ni lile la oili, limwagwe tope lote.

Mashine inayoendeshwa na trekta inazungushwa na shafti ya mizunguko 540 kwa dakika, yaani tisa kila sekunde. Kanga ikinaswa, hakuna atakayewahi kuzima. Kava lake likivunjika linunuliwe kabla ya kitu kingine chochote. Kagua pia bomba la moshi: likitoboka karibu na makapi makavu, ni moto.

Plau liache kwanza. Najua ardhi ya Kongwa ikikauka ni saruji tupu, hata Waingereza na mradi wao wa karanga wa 1947 iliwavunjia vyuma mpaka wakauacha 1951, lakini plau lina miezi yake mbele.

Mwisho, ijaribu kwa mzigo. Kuizungusha tupu hakukuonyeshi kitu. Tafuta masuke yaliyowahi kukauka, pura kama nusu saa, zima, subiri ngoma isimame kabisa, kisha gusa nyumba za beringi moja moja. Inayochoma kiganja ina shida. Kaza nati upya, zitakuwa zimelegea kwa mtikisiko, na mikanda mipya itakuwa imevutika. Halafu chota makapi uyapepete: ukikuta punje nzima nyingi, feni inapuliza kupita kiasi, punguza mlango wake wa hewa. Ukimaliza, legeza mikanda, funika kwa turubai, na beringi ya akiba iweke kwenye boksi la spana lililofungwa kwenye mashine yenyewe, maana ikibaki nyumbani ni sawa na kutokuwa nayo.