Jinsi ya kuandika mahali na idadi ya watu wa kijiji kidogo cha Iran

Majengo ya Arusha si Majengo ya Moshi, na Iran kuna Aliabad na Hoseynabad zisizohesabika. Jina pekee halitoshi. Ukiandika makala fupi ya Kiswahili kuhusu kijiji cha Waajemi, shika kwanza ngazi zote za utawala: ostan ni sawa na mkoa wetu, shahrestan ni wilaya, bakhsh ni tarafa, dehestan ni kata, halafu ndipo kijiji, rusta au abadi. Nakili pia jina kwa herufi za Kiajemi. Irabu fupi kwa kawaida haziandikwi, hivyo jina moja hutokea kwa tahajia tatu au nne za Kilatini, na ukitafuta kwa moja tu unaweza kudhani kijiji hakipo.

Angalia mwaka wa mipaka. Khorasan iligawanywa kuwa mikoa mitatu mwaka 2004, kwa hiyo jedwali la zamani litakupa mkoa ambao leo haupo. Ni kama Babati, ambayo kwenye sensa ya 1988 ilihesabiwa Arusha kwa sababu Manyara ilizaliwa 2002.

Kwenye majiranukta, yaani namba za latitudo na longitudo, ndiko watu wengi wanapoharibu. Chukua kijiji cha Abyaneh, kilicho karibu na 33°35′ Kaskazini na 51°35′ Mashariki. Dakika zigawanye kwa 60: 35 ÷ 60 = 0.583, hivyo latitudo ni 33.583. Anayeandika 33.35 amekisogeza kijiji kilomita 26 hivi kuelekea kusini, maana digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111. Sisi wa huku tumezoea kuweka alama ya kutoa mbele ya latitudo kwa kuwa tuko kusini mwa Ikweta. Ukiibeba hadi Iran, kijiji kinazama Bahari ya Hindi, kusini-mashariki mwa Madagaska. Ukigeuza latitudo na longitudo, kinahamia kaskazini mwa Ukraini. Fungua ramani, hakikisha alama imeangukia kwenye nyumba.

Idadi ya watu haiandikwi bila mwaka wa sensa. Sensa za karibuni za Iran ni za 1385, 1390 na 1395 kwa kalenda yao. Mwaka wao huanza mwezi Machi, lakini sensa hizo zote zilifanyika kabla ya Desemba kwisha, kwa hiyo jumlisha 621 tu: 2006, 2011 na 2016. Soma tarakimu taratibu, hasa ۴ (4), ۵ (5) na ۶ (6), kwani maumbo yake si yale ya Kiarabu uliyozoea. Kijiji chenye kaya chache mno huachwa bila idadi ili kulinda siri za wakazi. Usiandike 0, andika kwamba idadi haikutangazwa.

Sentensi kamili ni hii: “Abyaneh ni kijiji cha kata ya Barzrud, tarafa ya Kati, wilaya ya Natanz, mkoa wa Isfahan, Iran. Katika sensa ya 2006 kilikuwa na watu 305 katika kaya 160.”

Kabla ya kuhifadhi, gawanya watu kwa kaya. Hapa unapata 1.9, ndogo kweli, lakini si kosa: vijana wengi wa Abyaneh wamehamia mijini. Ukipata 19, rudi kwenye jedwali, huenda umeruka safu.