Kuandika vichekesho vya televisheni mkiwa wawili

Anzeni na karatasi ya makubaliano kabla ya kichekesho chochote. Ukurasa mmoja unatosha: jina la nani litatangulia, malipo mtagawana vipi, na mmoja akijitoa, wahusika mliowabuni wanabaki kwa nani. Nusu kwa nusu ndiyo inayopunguza ugomvi, hata kama wiki hii mmoja kaandika zaidi. Wekeni saini, kila mtu abaki na nakala. Mali bila daftari huisha bila habari.

Msigawane kipindi, huyu nusu ya kwanza na yule ya pili. Mhusika aliyeanza bahili atamaliza mkarimu bila sababu. Kaeni kwenye kompyuta moja. Ray Galton na Alan Simpson, Waingereza waliokutana kwenye hospitali ya kifua kikuu mwaka 1948, walifanya hivyo: Simpson alipiga taipu, na mstari uliandikwa wote wawili wakishaukubali. Inachosha, lakini inachuja. Hao nao walipitia redioni kwanza. Kipindi chao cha Hancock's Half Hour, alichoigiza mchekeshaji Tony Hancock, kilianza redio ya BBC mwaka 1954 na kufika kwenye televisheni 1956. Redio haidai seti wala maleba, kwa hiyo kituo hukubali kujaribu wageni kwa urahisi zaidi.

Nafasi ya nusu saa haina dakika 30. Ukitoa matangazo, zinabaki kama 22. Kwa mpangilio wa kawaida wa skripti, ukurasa ni takribani dakika moja, ila majibizano mafupi mafupi hukimbia kuliko hapo. Someni kwa sauti, mmoja ameshika saa. Skripti ikiisha mkiwa dakika ya 19, msiongeze utani. Ongezeni tatizo, utani utafuata wenyewe.

Jiwekeeni mpaka: mahali pawili pa kupigia picha na waigizaji wanne au watano. Kila kuhama kunakula saa za taa, sauti na usafiri, na prodyusa huzihesabu hizo kabla hajacheka. Harusi ya watu 200 iacheni isikike ikiwa upande wa pili wa ukuta.

Sasa mstari wenyewe. Mpangaji anamwambia mwenye nyumba: "Mshahara ulipita tu kunisalimia, ndiyo maana kodi sina." Mtazamaji anaanza kucheka kwenye "kunisalimia", na mwigizaji bado anaongea; kicheko kinafunikwa. Geuzeni: "Kodi sina, mzee. Mshahara ulipita tu kunisalimia." Neno linalochekesha likae mwisho, kisha mwenye nyumba akae kimya kidogo. Kimya hicho nacho kiandikeni kwenye skripti, la sivyo mwigizaji mwenye haraka atakiruka.

Mnapopeleka kazi kituoni, bebeni skripti moja kamili, ukurasa mmoja wa wazo, aya moja kwa kila mhusika, na mihtasari ya vipindi 13, yaani robo mwaka ya kipindi cha kila wiki. Mkikwama kwenye cha tano, mlichonacho ni kisa, bado si mfululizo. Rudini mezani.

Wazo tupu halilindwi na hakimiliki. Maandishi ndiyo yanayolindwa. Sajilini skripti kwenye ofisi ya hakimiliki: KECOBO mkiwa Kenya, COSOTA mkiwa Tanzania. Baada ya kikao, tumeni barua pepe siku hiyo hiyo kueleza mliyozungumza na mliyoacha mezani.

Kwenye mkataba, tafuteni kifungu cha siku ya malipo. "Baada ya kurushwa" ni mtego, maana kipindi kinaweza kurekodiwa na kisirushwe kamwe. Ombeni sehemu mkisaini, sehemu mkikabidhi skripti, na mtaje idadi ya marekebisho yasiyolipiwa, mawili yanatosha.

Marekebisho yenyewe yatauma. Wakisema tukio la mwisho halichekeshi, msikimbilie kulifuta. Rudini kurasa tatu nyuma mwone kama mtazamaji aliwahi kuambiwa mpangaji anadaiwa miezi mingapi.