Namna ya kukadiria tungamo la fotoni kwa sufuria, bomba la PVC na kalkuleta

Kila tukifika mada ya sumakuumeme, hakosi mwanafunzi wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) wa kuuliza: "Madam, tunaambiwa fotoni, chembe ya mwanga, haina tungamo. Nani aliipima?" Katika maswali yote ninayoulizwa hapa Moshi, hili nalipenda kuliko mengine, maana unaweza kulijibu kwa mikono yako. Hakuna aliyepima sifuri. Kilichopimwa ni kikomo: tungamo la fotoni, kama lipo, halizidi kiasi fulani. Kikomo hicho kimekuwa kikishushwa kwa karibu miaka 250, na wewe unaweza kupata chako jioni moja ukiwa na sufuria.

Anza na milinganyo, hata kama vidole vinakuwasha kushika vifaa. Katika nadharia ya Maxwell ya umeme na sumaku, nguvu kati ya chaji mbili hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali: umbali ukiwa mara mbili, nguvu inabaki robo. Mwaka 1936 Alexandru Proca, Mromania aliyekuwa akifanya kazi Paris, aliandika milinganyo ya uga (eneo la nguvu) wa aina hii ambao chembe yake ina tungamo. Ukiiweka kando ya ile ya Maxwell, utaona ni miwili tu iliyobadilika. Upande wa chaji, kwenye mlinganyo wa Gauss, panapunguzwa φ/L². Upande wa mkondo, kwenye ule wa Ampère, panapunguzwa A/L². Hapo φ ni potenshali ile unayoisoma kwa volti, A ni potenshali ya vekta, mwenzake wa upande wa sumaku, na L ni urefu unaobebwa na tungamo: L = ħ/(mc), ambapo m ni tungamo la chembe, ħ ni konstanti ya Planck iliyogawanywa kwa 2π, na c ni kasi ya mwanga.

Weka namba za ħ na c, upate mstari wa kuandika juu kabisa ya ukurasa wako:

m = 3.5 × 10⁻⁴³ ÷ L (L kwa mita, m kwa kilo)

Tungamo likiwa sifuri, L haina mwisho na Maxwell anarudi mzima. Tungamo likiwepo, nguvu ya umeme hufifia haraka kuliko kawaida mara tu unapopita umbali L. Tazama pia jambo hili, ambalo naona ndilo zito kuliko yote: kwa Maxwell uko huru kuchagua sifuri ya volti iwe wapi, kwa sababu kinachofanya kazi ni tofauti tu. Kwa Proca uhuru huo umekwisha. φ yenyewe imeingia ndani ya mlinganyo, kwa hiyo hata ndani ya chombo cha chuma kilichochajiwa, mahali ambapo Maxwell anasema hakuna uga kabisa, uga kidogo lazima uwepo. Huo ndio tunaoenda kuutafuta.

Chukua sufuria ya alumini yenye kina, kipenyo sentimita 30 hivi, kama zile za kupikia makande ya watu wengi. Pindua ndoo kavu ya plastiki, uikalishe sufuria juu yake. Tengeneza elektroskopu, kifaa cha kutambua chaji, kwa chupa ya jam yenye kifuniko cha plastiki: penyeza waya wa shaba kwenye kifuniko, na chini ya waya ning'iniza vipande viwili vyembamba vya foili. Kisha finyanga donge la foili kama gololi, ulibandike kwenye ncha ya mrija wa plastiki. Umeme wa ukutani usihusike hapa hata kidogo.

Sugua bomba la PVC kwa sweta ya sufu. Lisogeze karibu na sufuria bila kuigusa, gusa sufuria kwa kidole upande wa pili, ondoa kidole kwanza, ndipo uondoe bomba. Sufuria imeshika chaji. Gusisha donge ubavuni kwa nje, lipeleke kwenye waya wa elektroskopu: foili zinaachana. Gusa waya kwa kidole ili zifunge. Sasa shusha donge mpaka kitako cha ndani, katikati, bila kugusa ukingo wakati wa kuingia wala kutoka, ulipeleke tena kwenye waya. Foili zinatulia. Fanya haya mchana wa Januari au Februari. Wakati wa masika hewa ya Moshi ina unyevu, na chaji huvuja kabla donge halijafika kwenye chupa.

Benjamin Franklin aliliona jambo hili kwenye kopo la chuma, na mwaka 1767 Joseph Priestley akatambua kwamba utupu huo wa ndani ni alama ya sheria ya kipeo cha pili. Mnamo 1773 Henry Cavendish alilifanya kwa tufe lililofungiwa ndani ya nusu mbili za tufe kubwa, lakini hakulichapisha. Maxwell ndiye aliyekuja kuyatoa maandishi hayo mwaka 1879.

Geuza ulichoona kuwa namba. Kwa ganda la nusu kipenyo R, nadharia ya Proca inasema tofauti ya volti kati ya ukuta na katikati, ukiigawa kwa volti yote, ni karibu (R/L)² ÷ 6. Tuseme jicho lako linaweza kutambua sehemu moja ya kumi ya mwachano wa foili. R ni mita 0.15. Kokotoa: L haiwezi kuwa chini ya mita 0.19, kwa hiyo m haizidi kilo 1.8 × 10⁻⁴². Sufuria iko wazi juu na si tufe, basi haya ni makadirio. Hata hivyo elektroni ina kilo 9.1 × 10⁻³¹. Kwa sufuria ya makande umeonyesha kwamba fotoni ni nyepesi kuliko elektroni kwa takriban mara bilioni 500!

Mwaka 1971 Williams, Faller na Hill walitumia chombo cha kipenyo cha mita 1.5 hivi, wakakipa volti 10,000 za masafa ya megahezi 4, na ndani wakaweza kutambua volti 10⁻¹². Pitisha namba hizo kwenye hesabu ileile ya sufuria: utapata kama 1.1 × 10⁻⁵⁰. Wao walitangaza kikomo cha kilo 1.6 × 10⁻⁵⁰. Nawaomba wanafunzi wangu wote waifanye hesabu hii kwa mkono, si kwa kuiamini tu.

Ukitaka kushuka zaidi, tafuta R kubwa. Erwin Schrödinger alipendekeza mwaka 1943 tuitumie Dunia yenyewe, kwa sababu fotoni yenye tungamo ingebadilisha umbo la uga wake wa sumaku. Weka L = mita milioni 6.37 na utapata 5.5 × 10⁻⁵⁰. Dira moja haitoshi kwa kazi hii. Vinahitajika vipimo vya sayari nzima. Na ukiishika dira karibu na ukuta wa mawe yetu ya volkano, jiwe nalo linavuta sindano. Toka nje ya Dunia: upepo wa Jua hubeba uga wa sumaku, na kutokana na tabia zake Dmitri Ryutov alipata mwaka 2007 kikomo cha takriban kilo 1.8 × 10⁻⁵⁴. L yake ni kilomita milioni 200 hivi, umbali unaozidi ule wa kutoka hapa hadi kwenye Jua.

Wengi hukimbilia njia ya kasi: fotoni yenye tungamo ingefanya mawimbi ya masafa ya chini yachelewe nyuma ya yale ya juu. Ni kweli, ila elektroni zilizotawanyika angani huchelewesha mawimbi ya redio kwa kanuni ileile, kinyume cha mraba wa masafa, na kuzitenganisha sababu hizo mbili ni kazi ngumu. Anza na sumaku.

Kwa zoezi, chukua sayari ya Mshtarii (Jupiter), nusu kipenyo kilomita 71,500. Kwa mstari wa juu ya ukurasa utapata 4.9 × 10⁻⁵¹. Mwaka 1975 Davis, Goldhaber na Nieto, wakitumia vipimo vya uga wa sumaku wa Mshtarii vilivyochukuliwa na chombo cha angani Pioneer 10, walipata 8 × 10⁻⁵², pungufu mara sita. Tafuta tofauti hiyo imetoka wapi. Badiliko la uga linafuata (R/L)², kwa hiyo mara sita kwenye tungamo ni mara 36 kwenye uga: walihitaji kutambua badiliko la kama asilimia 3.