Namna ya Kukagua Nyumba ya Kupanga Kampala

Anayetafuta nyumba ya kupanga Kampala aanze kwa kuitazama ardhi kabla ya kuuliza kodi, kwa kuwa mji huu umejengwa juu ya vilima, na maji yanayoteremka kutoka huko hukimbilia mabonde ambayo zamani yalijaa mafunjo. Nenda mara tu baada ya mvua kubwa, hasa kati ya Machi na Mei au Septemba na Novemba. Zichunguze kuta za nje kwa karibu: mstari wa tope lililokauka, rangi iliyobambuka chini yake, au kizingiti cha saruji kilichoinuliwa hadi usawa wa goti hueleza kimo cha maji vizuri kuliko mwenye nyumba. Mimi nilikipuuza kizingiti cha namna hiyo, nikaja kubeba godoro kichwani usiku wa manane. Bwaise, iliyo kando ya kinamasi cha Lubigi, inajulikana kwa mafuriko, na inaniuma kwamba wanaobaki huko ni wenye kipato kidogo.

Ufuate mtaro hadi unapoishia. Ukiwa umezibwa na chupa za plastiki, maji yatarudi uani.

Kisha tazama jua. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, kuta za mashariki na magharibi hupata joto mwaka mzima, kwa hiyo chagua madirisha yanayoelekea kaskazini na kusini. Kabla ya kulipa, muulize mama anayeuza nyanya njiani maji yalifika wapi msimu uliopita.