Ngitili ya ekari kumi: malisho ya kiangazi na kuni kutoka pori moja

Mwongozo huu ni wa mfugaji mwenye kipande cha pori kavu lenye miiba na visiki vingi, sehemu ambayo mvua ni msimu mmoja tu, Novemba hadi Aprili au Mei. Mifano yangu ni ya Usukumani: Shinyanga, Kishapu, Meatu, Maswa. Ukiwa Dodoma, Singida au Tabora utabadilisha majina ya miti na kusogeza tarehe kidogo, kazi ni ile ile.

Kwa asiyeijua: ngitili ni eneo linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikishakaza, ili ndama, ng'ombe wa maziwa, maksai na mnyama mgonjwa wapate kula karibu na nyumbani wakati kundi kubwa limepelekwa mbali. Wasukuma walikuwa nayo kabla ya kuwepo ofisi yoyote ya misitu. Kisha mapori yakafyekwa enzi za Mwingereza ili kuondoa mbung'o, pamba ikatanuka, na miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijijini wakaacha ngitili zao nyuma. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizoandikwa kwenye kumbukumbu zilikuwa takriban hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilishapita hekta 300,000. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikutoka kwenye kitalu, ilitoka kwenye visiki, mizizi na mbegu zilizokuwa tayari ardhini. Basi weka kando habari ya kununua miche. Utakachosimamia ni kalenda na visiki.

Hatua ya 1: Mipaka na maandishi

Ngitili nyingi za kaya ni kati ya ekari 5 na 12. Mimi nitatumia ekari kumi ili hesabu iwe nyepesi. Zunguka na majirani zako wote wa mpakani, wakiwepo kwa miguu yao, mkapake chokaa kwenye miti au mpange mawe. Usizunguke peke yako halafu ukawape taarifa, hapo ndipo kesi zinapoanzia.

Uzio wa waya sikushauri, ni ghali na unaibiwa. Kinacholinda ngitili ni makubaliano ya watu. Peleka suala lako mkutano mkuu wa kijiji, na kama kwenu dagashida (baraza la jadi la Wasukuma) na sungusungu (walinzi wa jadi) bado wana nguvu, wao ndio watakaomkamata mchungaji wa usiku, si mgambo wa wilaya. Sheria ndogo ya kijiji ikishapitishwa na halmashauri, faini inakuwa na meno hata mahakamani. Kwa ardhi yako binafsi fuatilia hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Ngitili ya kijiji kizima inaweza kutangazwa msitu wa hifadhi wa kijiji kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.

Hatua ya 2: Kagua pori mwezi wa tisa au wa kumi

Ingia na panga. Kila kisiki unachokitilia shaka, kikwaruze gome karibu na ardhi. Ukiona kijani na unyevunyevu, kisiki ki hai hata kama juu ni kikavu kama mfupa. Ukikuta kahawia na vumbi la mchwa, hizo ni kuni.

Halafu nyasi. Shika shina la nyasi kwa mkono mzima ulivute. Nyasi ya kudumu itakukatalia au itakatikia mkononi, ya msimu itang'oka na mizizi yake yote na udongo kidogo. Ukivuta sehemu nyingi na nusu yake ikakukatalia, pori lako lina msingi mzuri. Kama karibu zote zinang'oka, msimu wa kwanza usifungue kabisa, acha nyasi zidondoshe mbegu. Najua hilo ni gumu kumweleza mzee mwenye ng'ombe thelathini. Hata hivyo mwambie.

Sehemu zenye kipara zipige jembe juu juu, kisha zifunike kwa matawi ya miiba. Matawi yanashika mbegu zinazopeperushwa na upepo, yanapunguza kasi ya maji, na mbuzi hawasogei.

Hatua ya 3: Visiki

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ifanyike mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua. Wakati huo mti umeweka akiba yake kwenye mizizi, ukikatwa unachipua kwa nguvu mvua ikigusa ardhi. Ukiukata katikati ya mvua, akiba imeshapanda kwenye majani na umeitupa.

Kisiki kilichoachwa huchipua kama ufagio, vichipukizi kumi hadi ishirini. Vyote vikibaki, hakuna kitakachokuwa mti. Chagua viwili au vitatu: vilivyonyooka, vinene, na vilivyotokea chini kabisa karibu na udongo. Kinachotokea juu ya kisiki hushikilia gome tu, siku ya upepo hupasuka. Vilivyobaki vikate kwa panga kali, kutoka chini kwenda juu. Ukikata kutoka juu kwenda chini gome linachanika hadi kwenye kichipukizi ulichokichagua. Kisha pogoa matawi ya pembeni hadi nusu ya urefu, funga kitambaa chekundu kwenye kichipukizi mkuu ili mpita njia ajue kina mwenyewe, na hayo matawi uliyokata uyazungushe kwenye shina yawe kinga. Kule Dodoma wanafundishana hivi hivi kwa jina la kisiki hai.

Mwaka wa pili rudi na ukate vipya vilivyochomoza. Ni kazi ya asubuhi chache, na kuni zake ndogo ndogo zinatosha kuchemshia maji.

Sasa, si kila kisiki kinastahili kuokolewa. Kikulagembe, ambacho wengine wanakiita mtundulu, kikiachiwa kinaziba pori mpaka nyasi zinakosa jua. Huyu kata chini, karibu na ardhi, na usimwekee miiba. Wiki tatu au nne baada ya mvua kuanza, chipukizi zikiwa laini, leta mbuzi kwenye kipande hicho peke yake, wale wamalize, uwatoe. Zikichipua tena, warudishe. Mbuzi yule yule anayelaumiwa kwa kumaliza msitu hapa anafanya kazi ya kibarua, mradi awe na mchungaji mwenye macho. Na usitupe miti yake: ni mizito, inafaa kwa kuni na mkaa, na maganda yake mbuzi wanayapenda.

Migunga mikubwa yenye kivuli cha mwavuli usiiguse. Angalia chini yake mwezi wa saba, nyasi bado zina ukijani wakati za juani zimeshakuwa majivu. Mkwaju, mninga na mpingo waache pia.

Zaidi ya hapo, kipimo changu ni hiki: ukisimama katikati ya ngitili saa sita mchana, sehemu ya ardhi yenye jua iwe kubwa kuliko yenye kivuli. Pori lililofungana ni zuri kwa kuni na baya kwa ng'ombe. Hapo lazima uamue, na wengi wanaotaka vyote viwili wanasahau kupunguza miti kwa sababu wameambiwa kila mti ni dhahabu.

Hatua ya 4: Funga, na ukate njia ya moto

Mvua ya kwanza ya maana ikinyesha, funga. Mwezi wa tano au wa sita, nyasi zikiwa nusu mbichi, lima ukanda wa kuzuia moto, upana wa mita tano hadi kumi, kuzunguka ngitili yote. Anza upande upepo unakotokea na upande wa barabara, maana mwindaji wa panya na mrina asali ndio wanaoongoza kwa kuwasha.

Hatua ya 5: Pima nyasi kabla ya kufungua

Watu wengi hukadiria kwa macho, na macho ya mtu mwenye ng'ombe wenye njaa hudanganya. Tengeneza fremu ya mita moja kwa mita moja kwa fito. Itupe ovyo sehemu kumi, zile nzuri na zile mbaya bila kuchagua. Kila inapoangukia, kata nyasi zilizomo ukibakiza urefu wa vidole vinne. Zianike mpaka zikatike kwa sauti, pima kwa mizani, tafuta wastani. Gramu kwa mita moja ya mraba, zidisha kwa nne, unapata kilo kwa ekari, kwa kukadiria.

Tuseme wastani ni gramu 180. Hiyo ni kilo 720 kwa ekari. Nusu yake haihesabiki, ni ya kufunika udongo na kulinda mizizi. Zinabaki 360, mara ekari kumi ni kilo 3,600. Ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 250 anakula takriban kilo 6 za chakula kikavu kwa siku, kwa hiyo una siku 600 za ng'ombe mmoja. Kwa siku 120, Agosti hadi Novemba, ni ng'ombe watano. Watano tu. Mbuzi mmoja mkubwa mhesabie kilo moja kwa siku.

Ukiwa na kumi na tano, sasa unajua ni wangapi wa kuuza mwezi wa saba wakiwa na mwili, au kupeleka kwa ndugu kwenye malisho ya mbali. Mwezi wa kumi mchuuzi anakuja mnadani akijua huna pa kuwalisha.

Hatua ya 6: Fungua kwa zamu

Maliza kwanza mabua ya mtama na mahindi shambani, ndipo ufungue. Gawanya ngitili vipande vitatu. Waingie kimoja, nyasi zikibaki na urefu wa ngumi iliyosimamishwa juu ya ardhi, wahame hata kama wanalia. Kipande cha mwisho kiwe kile kilicho karibu na zizi, kwa sababu mwezi wa kumi na moja ng'ombe dhaifu hawezi kutembea.

Hatua ya 7: Okota maganda

Maganda ya mgunga hudondoka kiangazi, na yana protini wakati nyasi zimebaki nyuzi tupu. Tumia fito yenye ndoano, tikisa tawi, usikate. Tandika turubai chini. Anika siku mbili tatu, kisha jaza gunia na ulitikise: mbegu zikigonga ndani kama njuga, yamekauka. Yasipogonga, yatavunda. Weka juu ya uchanja, mbali na ukuta.

Kabla ya kulisha, yatwange kwenye kinu au yapitishe mashine ya kusaga. Mbegu ni ngumu, ikiliwa nzima inatoka nzima, na protini nyingi imo ndani yake. Kiganja kimoja au viwili kwa mbuzi kwa siku, kilo moja hadi mbili kwa ng'ombe anayekamuliwa, juu ya nyasi na si badala ya nyasi. Yale machache wanayoyaokota wenyewe porini yana faida nyingine: mbegu iliyopita tumboni huota vizuri, kwa hiyo samadi ya zizi la mbuzi itawanye kwenye vile vipara vya hatua ya 2.

Hatua ya 8: Kata kuni kwa kipande, si kwa mti

Gawanya pori sehemu sita, ukate sehemu moja kila mwaka. Ukirudi ya kwanza, machipukizi yameshakuwa kuni za unene wa mkono. Ukitaka nguzo, ruka zamu moja kwenye mashina machache yaliyonyooka.

Wapi pa kukata? Ukikata chini unapata chipukizi nyingi, lakini kipande hicho kikae bila mbuzi misimu miwili. Mimi napendelea kukata kwenye kimo cha mtu mzima: mbuzi akisimama kwa miguu ya nyuma hafiki, na ng'ombe wanaendelea kuchunga chini. Mkato uwe wa mshazari ili maji yasituame. Miti mizee yenye shina la unene wa paja haichipui vizuri, chagua yenye unene wa mkono hadi mguu.

Kuni za jikoni kwako hazina shida. Ukitaka kuuza mkaa au nguzo, pita ofisi ya misitu ya wilaya kwanza uulize kibali na ushuru. Mzigo usio na karatasi unakamatiwa kwenye kizuizi.

Hatua ya 9: Watoe mvua ikinyesha

Hapa ndipo ngitili nyingi zinapoharibika. Mvua ya kwanza inanyesha, pori linageuka kijani ndani ya siku chache, na mtu anawaacha ng'ombe wafurahie kidogo. Ile nyasi changa inakua kwa akiba ya mizizi. Ikiliwa sasa, mzizi hauna cha kurudishia, na mwakani utavuta shina likung'okee mkononi. Watoe siku hiyo hiyo, hata kama majani ya mwaka jana bado yapo.

Wiki mbili au tatu zinazofuata ndizo ngumu kuliko zote, malisho ya nje bado hayajashika. Magunia ya maganda yapangie wiki hizi, pamoja na mabua uliyohifadhi juu ya uchanja. Anza na ng'ombe wanaonyonyesha, kisha maksai, kwa sababu kulima kunaanza wiki hiyo hiyo.