Kabla ya kuongeza RAM, tafuta muamala ulioachwa wazi
Hifadhidata ya PostgreSQL inayotumiwa na watu wengi ikianza kujikokota, usikimbilie kuongeza RAM. Fungua kwanza pg_stat_activity (orodha ya miunganisho iliyopo na kila mmoja unafanya nini), utafute miunganisho yenye hali ya "idle in transaction". Hapo kuna mtu kafungua muamala (kundi la mabadiliko yanayokubaliwa au kufutwa kwa pamoja), kabadilisha rekodi mbili, kisha kaenda zake bila COMMIT, yaani amri ya kuukamilisha. Kila anayetaka kubadilisha rekodi hizohizo anabaki foleni, na VACUUM, kazi ya usafi ya PostgreSQL, nayo haiwezi kufagia mabaki ya rekodi zilizofutwa tangu hapo, hata za majedwali mengine. Weka idle_in_transaction_session_timeout, muda ambao ukipita, anayeacha muamala wazi bila kufanya kitu anakatwa; mimi huweka dakika 5. Chaguomsingi ni 0, yaani haimkati mtu kamwe. Watakaokatwa watanuna siku mbili tatu, kisha watazoea.