Somo: Ipime kibodi ya kimakanika kabla hujatoa hela (kazi mchana, gemu usiku)

Wakuu, habari za baridi. Wiki hii vijana watatu wamepita dukani kwangu na swali lile lile: kibodi ya kimakanika, ile yenye swichi yake chini ya kila kitufe, naijuaje kabla sijalipa? Nimeona bora niliandike mara moja tu.

Nina steshenari ndogo huku Iyunga, Mbeya. Mchana nachapa ripoti za utafiti za wanachuo, barua za kuomba kazi na katiba za vikoba. Nikishusha shata, kompyuta ile ile inakuwa uwanja wa Counter-Strike, gemu la kurushiana risasi, mpaka mama watoto apige simu. Kibodi yangu ina mabwana wawili, na mabwana hawa hawapatani kila siku.

Ya kwanza niliyonunua nikiamini ni ya kimakanika haikuwa. Duka silitaji. Boksi liliandikwa "mechanical feeling", yaani unahisi kama ya kimakanika, taa zinawaka rangi saba kama basi la usiku, muuzaji anaapa kwa jina la mama yake. Nyumbani nikavua kitufe kimoja: mpira mtupu. Lile neno la pili kwenye boksi ndilo lililonila hela.

Tangu hapo nina kanuni moja: kagua kwanza kile usichoweza kubadilisha baadaye. Vifuniko vya vitufe vinabadilishwa, waya unabadilishwa, hata swichi siku hizi zinabadilishwa. Lakini mpangilio wa vitufe na bodi ya ndani, ukishalipa umeoa. Taa ziweke mwisho kabisa.

Hatua ya 1: Vua kitufe kimoja

Mwombe muuzaji akuvulie hata kimoja. Akikataa, rudisha hela mfukoni. Chini ya kifuniko uone kiboksi kidogo cha plastiki chenye shina la rangi, na kichwa cha shina kiwe na umbo la msalaba. Hiyo ndiyo swichi, na kila kitufe kina yake. Mtindo huo wa msalaba ni wa kampuni ya Cherry ya Ujerumani, tangu miaka ya 1980. Leo Gateron, Kailh na Outemu za China wanatengeneza zinazofanana nazo, ndiyo maana bei imeshuka hadi sisi wa Mwanjelwa tunaongea. Ukikuta kikombe cha mpira, au bomba jeupe linalozama shimoni, hiyo ni kibodi ya mpira iliyovaa suti.

Hatua ya 2: Hesabu vitufe

Kibodi kamili ina vitufe 104 hivi, pamoja na kile kiwanja cha namba upande wa kulia. Ya 87 imekata namba lakini imebakiza mishale, Delete, Home na End. Ya 61 imekata hadi mishale, unaipata kwa kushika Fn. Mcheza gemu anaipenda ndogo kwa sababu kipanya kinapata uwanja wa kukimbilia. Mchapaji akipewa ya 61 atalia kabla ya chai ya saa nne. Mimi nilichukua ya 87.

Angalia pia ile alama ya ng'ombe. Nina maana koma ya juu, ambayo sisi tunaihitaji kuliko Mwingereza: ng'ombe, ng'ambo, ng'aa. Iwe kulia kwa nukta mkato, kidole kidogo kiifikie bila kutafuta. Na kama umezoea kompyuta za mtumba kutoka Uingereza, kumbuka mpangilio wao umebadilishana @ na alama ya kunukuu, na Enter yao ni ndefu. Kibodi ya Kimarekani itakukosesha barua pepe wiki nzima usipobadilisha mpangilio kwenye Windows.

Hatua ya 3: Shika Shift zote mbili

Hili ni jaribio ninalolipenda kwa sababu ni bure na halidanganyi. Fungua Notepad, shika Shift ya kushoto na ya kulia kwa pamoja, kisha andika alfabeti yote kwa vidole vilivyobaki. Herufi zisipotoka, kuna vitufe ambavyo bodi haivioni vikibonyezwa pamoja.

Sababu ni hii. Ndani, vitufe vimeunganishwa kwa mistari ya kulala na kusimama kama wavu. Ukibonyeza vitatu vilivyo kwenye kona tatu za mstatili mmoja wa wavu huo, umeme unapita njia ya panya na bodi inaona kitufe cha nne ambacho hujakigusa. Kwa hofu hiyo, bodi za bei rahisi hukataa tu kitufe cha tatu. Bodi nzuri ina dayodi kwenye kila swichi, kamlango ka njia moja, hivyo kila kitufe kinasikika peke yake. Kwenye gemu jaribu Shift, W, D na kitufe cha nafasi kwa pamoja, kisha ongeza R. Mtu wako akienda lakini akakataa kuruka, tatizo si mkono wako.

Hatua ya 4: Mtihani wa kondoo

Kuna mteja kutoka Makete alinipa andiko la mradi wa kufuga kondoo. Nilichapa kurasa kumi na nne kwa kibodi ile ya mpira. Siku ya kuchukua akasoma mstari wa kwanza, akaniangalia, akasema, "Ndugu yangu, mimi sijaomba mkopo wa kufuga kondo." Herufi ya pili ilikuwa inamezwa nikienda kasi. Kwa asiyejua, kondo ni kile kinachotoka baada ya mtoto kuzaliwa. Na programu ya kusahihisha haikusema kitu, maana neno lipo.

Kiswahili kina maneno mengi ya hivi: kufa na kufaa, paka na pakaa. Kwa hiyo andika "kondoo" mara ishirini kwa kasi yako ya kazini, kisha "hakufa" mara ishirini. La kwanza linakuonyesha kama kitufe kinarudi juu kwa wakati. La pili linakuonyesha kama swichi inatetemeka na kutoa herufi mbili kwa pigo moja. "Mgonjwa hakufa" na "mgonjwa hakufaa" si taarifa moja.

Swichi za bluu, zile za mlio, zina kasoro ndogo hapa: kitufe lazima kipande juu zaidi ya pale kilipoandikia ndipo kikubali pigo la pili. Wachezaji wanaobonyeza mara mbili mbili wanalalamikia jambo hilo hilo.

Hatua ya 5: Rangi za swichi

Nyekundu inashuka moja kwa moja. Kahawia ina kijinundu katikati ambacho kidole kinakisikia. Bluu ina kijinundu na mlio juu yake. Kwa Cherry, nyekundu inataka nguvu ya kama gramu 45, kahawia 55, bluu 60, na herufi inatoka kidole kikishuka kama milimita 2 kati ya 4. Maana yake huhitaji kugonga hadi sakafuni kama unatwanga. Kampuni nyingine hufuata rangi hizo lakini uzito unapishana, kwa hiyo amini kidole kuliko rangi.

Wacheza gemu watakwambia nyekundu. Mimi ni wa kahawia, na sababu ni baridi. Mwezi wa sita na wa saba hapa, vidole vikiwa vigumu kama muhogo mkavu, vinaegemea vitufe bila mimi kujua, na nyekundu inaniandikia safu ya aaaa. Mkono wa kuchapa unafanya kazi saa nane, wa gemu saa mbili. Wakigombana, namsikiliza wa saa nane.

Hatua ya 6: Soketi, na ujanja wa A na X

Uliza kama swichi zinachomoka bila kulehemu. Hili lina thamani kuliko taa zote. Herufi A ndiyo inayotumika kuliko zote kwenye Kiswahili, na iko chini ya kidole dhaifu kuliko vyote, kile kidogo cha kushoto. Usiku, A hiyo hiyo ndiyo ya kwenda kushoto kwenye gemu. Haipumziki. Wakati huo X imekaa tu, Kiswahili hakiihitaji, inaamka siku ya kukata maandishi. Yangu A ilipoanza kutetemeka mwaka wa pili, nilichomoa swichi yake nikaibadilisha na ya X. Dakika tatu, shilingi sifuri.

Vifuniko: plastiki ya ABS inang'aa kwa mafuta ya vidole baada ya miezi, PBT inabaki na ukwaru muda mrefu zaidi. Herufi zilizochorwa juu zitafutika. Zilizoumbwa kwa plastiki mbili hazifutiki.

Bonyeza kitufe cha nafasi kwenye ncha zake zote mbili, na Enter, na Shift. Kikilia kama bati lililolegea, stabilaiza, kile kiwaya kinachosawazisha kitufe kirefu, ni kavu. Grisi kidogo inatibu.

Hatua ya 7: Cheza, lakini usidanganywe na Hz

Boksi litajisifu Hz 1,000, yaani kibodi inatoa taarifa kila milisekunde 1. Za kawaida za Hz 125 hutoa kila milisekunde 8. Sawa, chukua 1,000, siku hizi ni jambo la kawaida. Ila ping, yaani muda wa taarifa kwenda kwenye seva ya gemu na kurudi, mimi nikiiona imeshuka hadi milisekunde 150 naita watu washuhudie. Kulipia Hz 8,000 ukiwa na intaneti kama yangu ni kununua viatu vya mbio ili upande daladala.

Vumbi sitaongea sana. Kuanzia mwezi wa nane hadi mvua zianze, kanga juu ya kibodi kila jioni, na brashi ya rangi kila Jumamosi.

MASWALI YA WADAU

Kutoka Iringa: Kaka, niko hosteli, tuko wanne chumba kimoja. Nikichukua kahawia watanivumilia?

Dada, watakuvumilia kuliko bluu, lakini usidhani kahawia ni kimya. Kelele nyingi ni kifuniko kugonga chini, na hilo kila rangi inalo. Zipo swichi za kimya zenye vipira vidogo ndani ya shina, tafuta hizo. Na uweke taulo lililokunjwa chini ya kibodi, meza za hosteli ni ngoma.

Kutoka Makambako: Mkuu, nafanya hesabu za duka la pembejeo, namba kutwa nzima. Hiyo 87 yako itanifaa?

Haitakufaa. Chukua kamili. Au 87 na kile kiwanja cha namba kinachouzwa peke yake kwa USB, ukikiweka kushoto kipanya kinabaki na nafasi. Mkono wa kushoto utajifunza namba kwa wiki mbili tatu, utaudhika kwanza.

Kutoka Uyole: Nimejaribu hatua ya 3. Nilishika Shift ya kulia huku naendelea kusoma somo lako, kompyuta ikapiga mlio, nikabonyeza Enter kuondoa kisanduku, sasa herufi zinatoka kwa kusitasita. Nimeua kibodi?

Hujaua kitu, pole. Ukishika Shift ya kulia sekunde 8, Windows inadhani una shida ya mikono na inaleta Filter Keys; wewe umeikubalia kwa ile Enter. Ishike tena sekunde 8 itazima, au izime kwenye mipangilio. Kosa langu, ningesema mapema: soma kwanza, shika baadaye.

Kutoka Tunduma: Rafiki ananiambia niachane na hizi, nichukue za sumaku. Na kuna ile ya kubonyeza A na D pamoja ikachagua ya mwisho. Unaonaje?

Za sumaku ni kweli ziko mbele kwa gemu. Zinapima umbali wa kitufe kwa sumaku, hivyo unachagua mwenyewe kiandike kikishuka kiasi gani, na kinazima papo hapo kidole kikianza kupanda. Kwa kuchapa ukiweka nyepesi sana utaandika hata ukipumua. Na kwa nyingi swichi za kawaida haziingii humo, utafungwa na sumaku. Hiyo ya A na D, kuwa makini: Agosti 2024 Valve, wenye gemu lenyewe, waliipiga marufuku kwenye seva rasmi za Counter-Strike 2, ukiiwasha unaweza kutolewa mechini. Izime.

Kutoka Tukuyu: Chai ya maziwa imemwagikia yangu. Ndaga (asante) kama una dawa.

Chomoa waya sasa hivi, igeuze ichuruzike. Vua vifuniko vioshe kwa maji na sabuni. Chai tupu ingekuwa nafuu. Maziwa na sukari vinaganda ndani ya swichi. Kama ina soketi, chomoa zilizolowa tu, safisha bodi kwa spiriti, iache siku mbili mahali penye hewa. Usiianike juu ya jiko. Kwenu huko mvua haiishi, ipe hata siku tatu.

Kutoka Mafinga: Na ya Bluetooth?

Kuchapa, ndiyo. Gemu, waya.

Kutoka Mbalizi: Mzee, unatupotezea muda. Natumia ya mpira ya elfu kumi na tano mwaka wa nne huu, na kasi yangu wewe hunifikii.

Sina ubishi, kama mikono haikuumi baki nayo. Fanya hatua ya 4 tu, ile ya kondoo mara ishirini, kwa kasi hiyo hiyo unayoisema. Leta majibu hapa.

Kutoka Mbalizi: Kondoo kumi na sita. Kondo nne. Duka gani linaruhusu kuvua kitufe?